Juu ya nini mukono wa libaya unakataa kupanda

Siku ya ndoa, kwaya inaanza wimbo na watu wote wanasimama kucheza. Angalia vizuri wale mama wa famii wenye walivaa kitenge kimoja. Kuko wenye wanapandisha mikono mupaka juu ya kichwa bila shida. Kuko wengine wanaishia kwenye mabega tu: mukono ukipita pale, libaya nzima inapanda nao, tumbo linabaki inje, na mama anashusha mukono haraka kama mutu aliyeguswa na moto. Kitenge ni kimoja, duka ni moja, bei ni moja. Fundi njo tofauti.

Mimi pia niko kati ya wale wa mukono nusu. Tulikuwa tunaoza mudogo wangu, libaya ilitoka kwa fundi Ijumaa saa mbili ya usiku, na ndoa ilikuwa kesho yake asubuhi. Nilipomwambia, "Fundi, mukono unanikaza," alinijibu, "Dada, uliongeza kilo." Nilicheka, nililipa, nikarudi nyumbani. Lakini kilo zangu zilikuwa zilezile. Na tangu siku ile nimetaka kujua mukono unakaza juu ya nini, kwa sababu jibu lake linaeleza pia ulizo lingine lenye vijana wanatutumia mara nyingi hapa kwenye redio: "Nilimaliza miezi sita ya kupe-kuture, breve ninayo, mashini ninayo, mbona wateja hawarudi?"

Miezi sita, ao hata tisa, inamupa mutu mambo ya lazima. Anajua kuingiza uzi kwenye mashini, kukanyaga bila kurudisha gurudumu nyuma, kushona mustari unaonyooka, kufanya urle, kutia fermetiri na vifungo, kushona jupe na libaya rahisi kwa kufuata nguo nyingine iliyowekwa juu ya kitambaa. Hiyo si kidogo. Kuanzia Birere ya Goma mupaka soko la Kadutu kule Bukavu, famii nyingi zinakula juu ya hiyo kazi. Lakini mustari ulionyooka ni kazi ya mashini. Nguo yenyewe inafanywa mbele ya mashini na pembeni ya mashini: kwenye karatasi, kwenye mwili wa muteja wakati wa kujaribisha, na chini ya pasi. Hapo njo kazi ya fundi mukubwa inaanzia, na hapo njo mafunzo mengi yanaishia.

Shimo la mukono

Turudie libaya yangu. Mukono ukikaza, washonaji wengi wanafikiri hivi: shimo la mukono ni dogo, basi nilikate chini zaidi ili mutu apate nafasi. Inaonekana kuwa akili nzuri. Kumbe ni kinyume.

Jaribu mwenyewe nyumbani. Vaa shati pana, chukua epengi, fungia kitambaa cha mukono kwenye ubavu wa shati, vidole vinne hivi chini ya kwapa. Sasa pandisha mukono. Unaona? Shati yote inapanda. Ile epengi imefanya kama shimo la mukono limeshuka mupaka kwenye mbavu. Sasa toa epengi, na chukua nguo yenye shimo lake linakaribia kwapa kabisa, sentimetre 2 hivi chini yake. Mukono unazunguka mahali ambapo mufupa wenyewe unazungukia, na ubavu wa nguo unabaki mahali pake. Basi shimo likiwa chini sana, kila mara unapopandisha mukono, unavuta ubavu muzima wa nguo. Shimo likiwa juu, karibu na kwapa, mukono uko huru. Fundi aliyekata chini zaidi ili akusaidie, alikufunga zaidi.

Kuko jambo la pili, nalo linaitwa kichwa cha mukono. Ukikata mukono kwenye kitambaa, sehemu ya juu inakuwa na umbo la kilima. Kilima kirefu na chembamba kinatoa mukono unaoanguka muzuri wakati mutu anasimama wima, bila mikunjo hata kidogo. Tazama veste ya mwanasheria. Lakini yule mwanasheria hawezi kupanda juu ya pikipiki na ile veste bila kuivuta. Kilima kifupi na kipana kinatoa mukono unaopanda kama wa shati ya kazi, lakini wakati mukono unashuka, mikunjo inabaki chini ya kwapa. Huwezi kupata vyote viwili kwa ukamilifu. Unachagua. Na ili uchague, lazima uulize muteja: hii nguo ni ya nini? Ya kukaa kwenye biro? Ya kucheza kwenye ndoa? Ya kubeba mutoto? Ni mafundi wangapi wamekwisha kukuuliza hivyo? Wengi wanauliza siku ya kutoa avansi tu.

Kisha, urefu wa ile kilima ukiufuata kwa metre, lazima upite kidogo urefu wa shimo lenyewe, kwa sababu bega ni la muviringo. Kwa kitenge cha wax, ambacho ni pamba iliyofumwa kwa kukaza, sentimetre 2 zinaenea: kama shimo lina sentimetre 44, kichwa cha mukono kinakuwa na 46. Zile 2 unazikusanya polepole na uzi wa mukono mbele ya kushona, bila kuacha hata kipindo kimoja kionekane. Ukiweka 5 kwenye wax, utapata mapindo. Kitambaa cha sufu, kile cha veste nzito, kinaweza kukubali zaidi, kwa sababu mvuke wa pasi unakirudisha.

Karatasi ya mufuko wa simenti

Hesabu hizi hazifanyiki juu ya kitambaa cha mutu. Zinafanyika juu ya karatasi, na ile karatasi iliyokatwa inaitwa patroni. (Usichanganye na patroni wa kazi, hata kama huyu pia anapenda kupima watu.) Karatasi ya krafti inauzwa, lakini mifuko ya simenti iliyopanguswa vizuri inafanya kazi ileile, na mapajala ya gazeti pia kama unayaunga na kole.

Fundi wa mustari anachukua vipimo vitatu: kifua, kiuno, mataki. Na hivyo vitatu vinaweza kuwa sawasawa kwa mama wawili wenye miili tofauti kabisa. Mumoja ana mugongo mupana na kifua kidogo, mwengine ana mugongo mwembamba na kifua kikubwa. Metre inazunguka wote wawili na inasema 96. Ndiyo maana fundi mwenye kusoma anapima pia upana wa mugongo peke yake, urefu kutoka shingo mupaka kiuno mbele na nyuma, urefu kutoka bega mupaka ncha ya ziwa, na nafasi kati ya ncha moja na ingine. Inakuwa vipimo kumi na zaidi. Muteja anaweza kuchoka. Mwambie avumilie, kwa sababu unaviandika kwenye kaye mara moja na vinabaki.

Tuchukue yule mama wa 96. Kitenge hakivutike. Kama unakata 96 kamili, atavaa lakini hatapumua. Kwa libaya ya kukaza vizuri unaongeza nafasi ya kupumua, tuseme sentimetre 6, inakuwa 102. Kwa sababu patroni inachora robo ya mwili, unagawa kwa 4, unapata 25,5. Lakini mbele kuna kifua na nyuma hakuna, kwa hiyo wengi wanapeleka sentimetre 1 mbele: robo ya mbele 26,5, robo ya nyuma 24,5. Jumlisha mara mbili: 53 na 49, ni 102. Hesabu ya shule ya musingi. Lakini bila hiyo, mustari wa ubavu unaenda nyuma ao mbele, na nguo inapindapinda kiunoni.

Halafu inakuja pensi. Kitambaa ni bapa, kifua ni muviringo, na huwezi kufunika chungwa na karatasi bapa bila kukunja mahali. Ile kunja yenye ncha, inayoanzia kwenye ubavu ao kwenye kiuno na kuelekea kwenye ziwa, ni pensi. Kosa linaloonekana kila mahali ni kushona pensi mupaka kwenye ncha ya ziwa yenyewe. Inatoa kitu chenye kuchongoka kama penseli. Pensi inapaswa kuishia sentimetre 2 ao 3 mbele ya kufika pale, na mustari wake unamalizika polepole, bila kurudisha mashini nyuma kwenye ncha. Unafunga zile nyuzi mbili na mukono. Mutu akishaelewa pensi, anaweza kuihamisha. Ukiunganisha pensi ya juu na pensi ya kiuno, unapata ule mustari murefu unaotoka kwenye bega ao kwenye shimo la mukono, unapita kifuani na kushuka mupaka chini, wenye tunaita dekupi ya prinsesi. Karibu libaya zote za ndoa ambazo munaona sasa zinatoka pale. Si mutindo mupya. Ni pensi mbili zilizofichwa ndani ya mustari.

Mbele ya mukasi, kitambaa nacho kina sheria yake. Nyuzi zinazofuata lizieri, ule ukingo ambao kwenye wax wanaandika jina la kampuni, hazivutike kirahisi na zinaanguka wima. Katikati ya mbele ya nguo lazima ifuate hizo nyuzi. Ukipindisha patroni kidogo ili uokoe kitambaa, jupe itageuka mwilini kisha kuifua mara mbili, na mustari wa ubavu utaishia juu ya goti. Kitambaa kikikatwa kwa upande, nusu ya pembe, kinavutika. Hiyo tunaita biye, nayo ni nzuri kwa kuzungushia shingo, kwa vipande vya sentimetre 3 ao 4 ya upana. Kitenge cha yadi 6, ni kusema karibu metre 5 na nusu, kinaonekana kingi, lakini kama kina ndege ao maua makubwa yanayoangalia upande mumoja, kinapunguka haraka. Ndege moja juu chini kwenye mugongo wa mutu, kanisa lote litaiona. Na kama hakijaloweshwa bado, kiloweshe, kianike, kipasi, kisha ukate. Pamba inaweza kurudi kwa maji ya kwanza, na afadhali irudi mbele ya kukata kuliko ndani ya nguo iliyokwisha kushonwa.

Kujaribisha, na pasi ya makala

Hapa wengi watanikasirikia, kwa sababu ni mambo yanayokula wakati. Kwa nguo ya bei, fundi anakata kwanza nguo ya majaribio kwa drap ya zamani ya chaguwa, anaishona kwa nyuzi ndefu, anaivalisha muteja, na anasoma mikunjo. Ndiyo, mikunjo inasomwa. Ikitoka kwenye ncha ya ziwa kwenda kwenye shimo la mukono, pensi haitoshi. Ikilala chini ya shingo nyuma, mugongo ni murefu kupita mutu. Ikivuta kutoka kwapa moja kwenda ingine nyuma, upana wa mugongo ni mudogo. Muteja aambiwe apandishe mikono, aikunje mbele, aketi, ainame. Kusimama wima mbele ya kioo hakuonyeshi kitu; sanamu ya dukani pia inasimama wima.

Pasi nayo wengi wanaiweka mwisho kabisa, dakika tano mbele ya muteja kuja. Fundi mukubwa anapasi kila mustari mbele ya kushona mustari unaoufuata: unaulaza, unaufungua kwa ndani, unauacha upoe. Mahali penye muviringo, shingoni na kwenye shimo la mukono, unakata vitobo vidogo kwenye kitambaa cha ndani ili kifunguke, kisha unapasi. Kwetu ambako moto wa umeme unakuja saa yenye inataka, pasi ya makala bado ni mufalme, na ina adabu yake. Unapima joto lake kwenye kipande, si kwenye nguo. Unaweka kitambaa chenye unyevu katikati ili majivu yasianguke juu ya kitenge cheupe. Na kwa termokolani, ile ya kubandika ndani ya kole na ya mbele ya veste, unashikilia pasi pahali pamoja sekunde kama kumi, unainua, unaweka pembeni. Usiitembeze kama unapasi shuka. Ukiitembeza, gundi inateleza, na kisha kufua utaona malengelenge kwenye kole. Wengi wanasema termokolani ni mubaya. Mara nyingi ni pasi.

Ile veste yenyewe ni shule kubwa, na inchi yetu iliipitia kwa njia yake. Wazee wanakumbuka wakati wa Zaïre, kosti na kravati vilikatazwa, wanaume wa serikali wakavaa abakosti mupaka 1990. Jina lenyewe linatoka kwa Kifaransa, "chini kosti". Lakini hata bila kravati, abakosti ilitaka kole inayosimama, mabega yaliyojazwa, mifuko iliyokatwa ndani, mikono iliyowekwa sawa. Musomaji mwenye ana fundi muzee mutaani mwake, aende amuulize namna walikuwa wanatengeneza ile kole. Siri moja ni hii: kole ina vipande viwili, na cha chini kinakatwa kidogo kuliko cha juu, milimetre 2 ao 3. Ukivishona pamoja kwa kuvilinganisha, cha juu kinavuta kuzunguka, na mustari unajificha chini. Ukivikata sawasawa, ncha za kole zinapanda juu kama masikio. Na dubliri ya veste haikatwi sawa na veste. Katikati ya mugongo unaacha kipindo cha sentimetre 2, juu ya kunyoosha mikono. Bila kile kipindo, dubliri inapasuka ya kwanza.

Sasa kuko bistie, ambayo mabibi-arusi wote wanataka. Nguo isiyo na mabega inasimama juu ya nini? Si kifuani, hata kama ukikaza namna gani. Inasimama kiunoni. Ndani unatia baleni, vile vifimbo vya plastiki, kila kimoja ndani ya njia yake na ncha zake zikifunikwa ili zisichome, na kiunoni unashona ribani ngumu inayofungwa kwa ndani mbele ya fermetiri. Bila hiyo ribani, bibi-arusi atapitisha siku nzima akivuta nguo juu.

Mutu atajifunza haya wapi? Shule za tekniki zina section ya kupe-kuture inayofikisha mwanafunzi kwenye diplome ya serikali, na INPP, ambayo iliundwa tangu 1964, inapokea pia watu wakubwa. Kuko vituo vya parokia na vya mashirika. Kuko ateliye za mafundi, na kwa maoni yangu, kisha kupata breve, mwaka mumoja kwenye ateliye nzuri unazidi breve ya pili. Lakini mbele ya kulipa, omba uone mambo mawili. Je, wanafunzi wanachora patroni kwa vipimo vya mutu wa kweli, ao wanakopia tu kutoka kwenye ubao? Na je, kila mumoja amekwisha kutia mukono kwenye nguo, akautosha, akautia tena? Kama mwalimu anatia mikono yote mwenyewe ili nguo za egzamene zionekane nzuri, tafuta pengine.

Video za simu zinasaidia pia, na ni bei ya megabaiti tu. Angalia mambo mawili. Wengi wanashona vitambaa vinavyovutika, na yale wanayofanya hayatakubali kwenye wax. Na mafundi wa Nigeria, wenye wanafundisha vizuri sana, wanapima kwa puse. Puse moja ni sentimetre 2,54. Akisema "ongeza 5", usiongeze sentimetre 5.

Na wewe muteja, una sehemu yako. Peleka kitambaa mapema. Ndoa haianguki kutoka mbinguni. Omba siku ya kujaribisha na uende kweli. Sema fundi aache sentimetre 2 ao 3 ndani ya mustari wa ubavu, maana kilo zinaweza kuongezeka siku moja kweli. Na dai vipande vyako. Vipande vya kitenge ni vyako, hata kama kwenye ateliye nyingi vinageuka mito ya viti ya fundi.

Libaya yangu mimi iliponea kwenye vile vipande. Fundi mwengine, mama wa makamo, aliitazama ndani, akafungua mustari chini ya kwapa, upande wa ubavu na upande wa mukono. Akakata vipande viwili vya pembe nne, kama sentimetre 10 kila upande, vilivyolala kwa biye ili vivutike, akavitia kila kimoja kwenye tundu lake, pembe moja moja, akisimamisha mashini na shindano ikiwa chini kila alipofika kwenye kona. Ilichukua karibu saa moja na nusu. Rangi zililingana, kwa sababu nilikuwa nimebaki na mufuko wa vipande nyumbani. Aliniambia nipandishe mukono. Niliupandisha mupaka juu, nikagusa bati la ateliye yake.